Masala ya Arusi ya Amuri

Kasongo, tarehe 4 Juni 2024

Malaika, mtoto wa kaka yangu,

Salamu kwako, kwa mumeo Kamaldine, na zaidi kwa mama mkwe wako. Mnara wa simu umelala wiki ya pili sasa, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na kusema kweli siichukii, maana kwenye simu wewe hunikata maneno. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho. Iliasi wa pikipiki atakupa barua hii pamoja na mfuko. Usiufungue mfuko kabla hujamaliza kusoma.

Amuri anaoa. Ndiyo, Amuri wangu, mwanangu wa pekee, ambaye nilikwisha kumkatia tamaa. Anamwoa Sifa, binti wa watu wa Kindu, anafundisha shule ya msingi hapa mtaani kwetu. Arusi ni Jumamosi tarehe 27 Julai. Tangu walipokubali posa sijakaa kitako. Nafagia mahali palipofagiliwa, naamka kabla ya adhana, naongea peke yangu kama mtu anayedaiwa jibu.

Sasa, mambo ya sufuria. Wewe unayajua, lakini watu wa Kabambare hawayajui, kwa hiyo wasomee kipande hiki. Katika ukoo wetu, siku ya arusi, mashangazi wa bibi arusi hupika sufuria kubwa ya pilau uani kwa bwana arusi, na makusudi huacha kitu kimoja. Pengine iliki, pengine tangawizi, wao wenyewe ndio wanaojua. Kisha mama wa bwana arusi anaitwa mbele ya watu wote, anafunua kifuniko, ananusa mvuke, anataja kilichoachwa, anakitia kwa mkono wake. Ndipo watu wanakula. Akikosea, pilau inaliwa vile vile na upungufu wake, na jina linamganda. Mke wa mjomba Ramazani alisema ni chumvi, kumbe ni karafuu. Hiyo ilikuwa mwaka 1989, na mpaka leo watoto wasiojua hata kisa chake wanamwita Mama Chumvi.

Mashangazi wa Sifa wanakuja watatu. Wamekwisha kusema, na watu wakaniletea maneno, kwamba pilau ya Kasongo siku hizi ni kube za dukani, vile vidonge vya mchuzi, na maji ya moto. Ndiyo maana nataka masala ya kusaga, ile ya Kihindi niliyofundishwa na Mama Banu kule Kigoma wakati wa vita, miaka minne nikimfulia na kumpikia. Nataka chupa tatu. Uzitengeneze wewe, maana mkono wangu wa kuume unaniuma na mchi umekuwa mzito.

Kila mbegu ikaange peke yake kwenye sufuria kavu, giligilani, jira, haradali, na uwatu mwisho kabisa, kidogo tu, kwa sababu uwatu ukiungua unatia uchungu kila kitu. Zikipoa, twanga. Tangawizi na kitunguu saumu vitwange mbali. Changanya vyote na manjano, pilipili, iliki, karafuu na siki mpaka upate uji mzito. Halafu mimina mafuta ya karanga mengi, si mawese, nasema tena si mawese, na upike taratibu huku unakoroga mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu. Mama Banu alikuwa akisema kwamba kabla mafuta hayajapanda masala haijaiva, hata kama mkono wako umechoka. Jaza chupa, ifunike kwa mafuta juu, na mtu asiichokoe kwa majuma mawili.

Na jambo moja. Kila hatua niandikie harufu yake. Usiniandikie kwamba inanukia vizuri, hilo kila mtu anaweza kusema. Nieleze inanukia nini, imebadilika wakati gani, imefanana na nini. Nataka kujua kama unakaanga kwa akili.

Shangazi yako,
Nuru Salumu


Kabambare, tarehe 9 Juni 2024

Shangazi yangu Nuru,

Amuri anaoa! Nilisoma barua yako nimesimama mulangoni, nikapiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani amezaa. Kamaldine alikuwa safarini Lusangi na bidhaa zake, aliporudi nikamusomea tena, na kile kipande cha sufuria akataka nikirudie mara tatu. Anasema kwao wangefanya vile, wanawake wote wangekimbia ndoa.

Mufuko niliufungua kabla ya kumaliza barua. Unisamehe, harufu ilikuwa inaniita.

Sasa sikia. Giligilani mwanzo haikunukia kitu, niliona kama niko nakaanga muchanga. Kisha ikaanza polepole, kama majani ya ndimu ukiyasugua kwenye kiganja, na nyuma yake mukate wa asubuhi. Jira njo ilinishangaza. Ilinukia jasho la mutu aliyetoka mbali, kweli kabisa, niligeuka nikafikiri Iliasi amerudi. Nikataka kuimwaga. Lakini kidogo tu ikageuka, ule ukali ukaondoka, ikabaki joto, harufu ya nyumba ambamo watu wamekula wakashiba. Haradali ilirukaruka ikanipiga kwenye shavu, ikanukia karanga. Uwatu ulinukia sukari inayotaka kuungua, nikautoa mbiyo mbiyo. Iliki nilipoitwanga nilikumbuka wazee wakitoka musikitini Ijumaa na kanzu zao safi.

Nilipoanza kuipika yote pamoja, siki ilinipanda machoni, nikalia kama mufiwa. Nikakoroga, nikakoroga, nilikuwa karibu kuacha. Halafu ule ukali ukalala. Harufu zote zikawa moja, sikuweza tena kusema hii ni jira, hii ni karafuu. Nikatazama chini, mafuta yako juu. Shangazi, niliruka peke yangu jikoni.

Iko jambo lingine, na usicheke. Sikuwa na kinu kingine, nikatwanga katika kinu cha mama mukwe, kile chake cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, ambacho hata mabinti zake hawakigusi. Nikakiosha vizuri. Kesho yake akatwanga sombe, akapika, tukakaa kula. Yeye akaonja, akaonja tena, akaniangalia. Nikajua leo narudishwa kwetu. Akauliza nilitwanga nini ndani ya kinu chake. Nikasema ukweli. Akala mpaka akamaliza, akaongeza. Asubuhi yake aliniambia kinu kile nisikioshe tena.

Ninakuletea chupa ya kwanza. Rangi yake imekuwa nyekundu, labda ni pilipili ya huku. Iliasi amechukua na chupa ya mama mukwe, pilipili aliyotwanga na ndagala kavu, vile visamaki vidogo, anayomutumia dada yake Bibi Feza anayekaa nyuma ya soko huko kwenu. Nimemuonyesha ipi ni ipi.

Mutoto wako,
Malaika


Kasongo, tarehe 14 Juni 2024

Malaika,

Chupa imefika salama. Majuma mawili sikuyangoja, niliifungua barazani, na harufu ikatoka kwa nguvu, iliki mbele, karafuu nyuma yake, jira imetulia chini kama ulivyoeleza. Jirani alikuwa akipita akashika pua yake kwa nguvu za harufu ile, nikamwambia ndiyo, hiyo ni ya arusi, na bado. Hata paka wake amehamia kwangu. Amekaa chini ya rafu tangu jana, hataki kuondoka.

Lakini usinidanganye kuhusu rangi. Wekundu ule ni wa mawese, macho yangu bado yanaona. Nilikasirika tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kisha nikakumbuka kwamba huko mafuta ya karanga ni shida, nikakusamehe. Nimempa Iliasi dumu dogo la mafuta. Chupa mbili zilizobaki zifanye kwa haya.

Barua yako nimeisoma mara nne kwa sauti. Umeandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Sasa nakupa kazi nyingine. Pika wali kidogo kidogo katika vyungu vidogo, na kila chungu uache kitu kimoja, hiki hakina tangawizi, kile hakina iliki, kingine hakina karafuu. Funua, nusa mvuke, uniandikie tofauti zao. Ni mazoezi mazuri kwa msichana. Siku moja na wewe utakuwa mama wa bwana arusi.

Mashangazi wa Kindu wametuma kuuliza ukubwa wa sufuria yetu. Nimewajibu wataiona wakifika. Nimenunua kitenge, nimemwambia fundi mabega yawe mapana, nataka nitembee kuelekea sufuria ile watu wasogee kando wenyewe.

Shangazi yako,
Nuru


Kabambare, tarehe 22 Juni 2024

Shangazi yangu,

Barua hii nimeianza mara tatu.

Iliasi alirudi na barua mbili, yako kwangu na ya Bibi Feza kwa dada yake. Mama mukwe hajui kusoma, mimi njo humusomea. Nilimusomea kwanza yako, akafurahi sana, habari za paka zikamuchekesha. Kisha nikafungua ya Bibi Feza. Anauliza ni pilipili gani hii aliyotumiwa, isiyo na ndagala hata moja, yenye harufu ya duka la dawa. Anasema mwanzo alitaka kuitupa, lakini wajukuu wake wameila na wali mpaka chini, na sasa wanaulizia nyingine.

Nikairudia barua ile tangu mwanzo.

Shangazi, Iliasi alibadilisha chupa. Ile uliyoifungua barazani ni ya ndagala. Ni pilipili, mawese na ndagala tu, imetwangwa mpaka ikalainika. Hakuna iliki ndani yake hata chembe. Jirani alishika pua kwa sababu ndagala inanuka, na paka hakukosea.

Sijui namna ya kumuuliza jambo hili mutu aliyenilea, aliyenifundisha kujua nyama iliyolala kwa kuipitia tu sokoni. Nitauliza basi, na ukinikasirikia utanikasirikia. Shangazi, pua yako bado inanusa?

Kama hainusi, sitasema kwa mutu, hata kwa Kamaldine. Niache nije. Nitasimama karibu na wewe siku ile. Ukifunua kifuniko nitanusa mimi. Nitakukanyaga muguu mara moja kama ni iliki, mara mbili kama ni tangawizi, tatu kama ni karafuu. Nani atatazama miguu yetu? Jibu neno moja tu, njoo, nami nitapanda pikipiki.

Mutoto wako,
Malaika


Kasongo, tarehe 26 Juni 2024

Malaika,

Pua yangu ni nzima. Mwenye makosa ni Iliasi. Chupa mbili nilizoagiza zitume, na usije. Kaa na mumeo. Arusi ya mwanangu haitakosa mtu wa kunikanyaga miguu.

Nuru


Kabambare, tarehe 2 Julai 2024

Shangazi yangu,

Barua yako haikuniuliza hata kama nimeamka salama. Basi nimeamka salama. Nimekasirika siku mbili, na siku ya tatu nikawasha moto, kwa sababu kazi ya vyungu ulinipa kabla ya kununa, na mimi kazi sikuikataa.

Nimepika vyungu saba. Mama mukwe alinisaidia. Alijifunga kitambaa machoni, akakaa kwenye kigoda, mimi nikawa namusogezea chungu kimoja kimoja, nikifunua. Mara ya kwanza alikosea vyote. Mara ya pili alipata viwili. Jana alipata sita, akavua kitambaa, akacheza katikati ya uwanja na umri ule, mpaka wapita njia wakasimama. Sasa anataka tufanye kila siku. Wali wenyewe tumewalisha majirani, na mutaa muzima unauliza arusi ni lini.

Chukua haya, uyaweke kichwani. Pilau isiyo na tangawizi, mvuke wake unapanda moja kwa moja, hakuna kinachokuchokoa puani. Isiyo na karafuu inanukia mbele tu, ukivuta tena unakuta nyuma hakuna kitu. Isiyo na jira inanukia wali wa mugonjwa. Isiyo na iliki ni chakula kizuri, lakini ni chakula cha siku yote, hakuna sherehe ndani yake.

Mama mukwe amejua. Sikumwambia, Shangazi, nakuapia. Nilikwisha kumusomea barua mbili zile, na akili yake si ya kuazima. Unajua alikuwa amekataa nisafiri mwaka huu wa kwanza wa ndoa. Jana usingizini, hapana, kabla ya kulala, aliniita akasema, "Mutu aliyesifia ndagala yangu kwa iliki si mutu wa kununiana naye. Uende ukasimame na shangazi yako."

Basi naja. Nitaondoka hapa tarehe 25. Chupa mbili nimezitia kitambaa cha kijani na nimemuapisha Iliasi. Ukitaka, unifungie mulango. Nitalala kwa Bibi Feza, yeye ananipenda kwa sababu ya masala.

Mutoto wako anayekukera,
Malaika


Kasongo, tarehe 8 Julai 2024

Malaika, mama yangu mdogo,

Chupa mbili nimezipokea. Mara hii nilimwita Amuri anuse. Alisema inanukia arusi, akaenda zake akiimba.

Sinusi. Haya, nimeandika. Ilianza Januari, ile homa iliyonilaza siku kumi. Nilipopona nilidhani chakula cha mgonjwa ndicho kisicho na ladha. Halafu siku moja nimekaa jikoni, vitunguu viko motoni, nachambua mchele, Amuri akaingia mbio akaitoa sufuria. Nyumba ilikuwa imejaa harufu ya kuungua mpaka barazani. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake sina habari. Nikamwambia nilikuwa nawaza.

Tangu hapo napika kwa kukumbuka. Idi ya Ramadhani nilitia chumvi mara mbili, nikawasingizia wasichana. Kituo cha afya wanasema pengine itarudi, pengine hairudi. Na posa ikakubaliwa, Malaika, na watu wakaanza kunipongeza kwa sufuria kabla hata ya kunipongeza kwa mkwe. Unajua mimi ni nani hapa mjini. Mimi ni mwanamke ambaye akipita nyuma ya ua wako anakuambia punguza moto. Bila pua ni nani? Ni mjane mwenye kitenge kipya.

Nilifanya ujanja. Masala ya Mama Banu ina kila kitu ndani. Chochote watakachoacha wale wa Kindu, kijiko kimoja kingekirudisha. Lakini lazima nikitaje kwanza, na hapo ujanja wangu unaishia. Ndiyo maana nilitaka uniandikie harufu. Nilifikiri nikizisoma vya kutosha zitarudi. Na nikuambie kitu. Uliposema jira inanukia jasho la mtu aliyetoka mbali, niliinusa. Kichwani tu, kwa muda wa kupepesa jicho, lakini niliinusa, na nikalia mpaka karatasi ikalowa. Kisha ukaniuliza swali lako, nikakuchukia kwa kuwa ulikuwa na haki.

Njoo. Kanyaga miguu yangu unavyotaka, nitavaa viatu vigumu. Mwambie mama mkwe wako kwamba ndagala yake nimeimaliza pamoja na paka.

Shangazi yako,
Nuru


Wamaza, tarehe 26 Julai 2024, Ijumaa

Shangazi,

Pikipiki imekufa. Tulitoka Kabambare jana vizuri, mimi nyuma nimevaa nguo tatu kwa ajili ya vumbi, na hapa Wamaza tukaingia shimoni na chuma cha katikati kikakatika vipande viwili. Sisi hatukuumia. Muchomeleaji wa hapa ameishiwa mafuta ya mashine, anasema yanakuja kesho jioni au Jumapili.

Niko naandikia juu ya goti. Mutu anayekuletea barua hii anapita na pikipiki yake, lakini amebeba mama na watoto wawili na mbuzi, nimemupigia magoti na nafasi haipo. Nimelia kando ya barabara, Iliasi akaanza kulia naye, ikabidi mimi nimunyamazishe.

Sitafika kesho. Sema unaumwa, Shangazi. Sema mukono ule. Mwite mutu mwingine afunue. Au kumbuka, tangawizi inachokoa, karafuu iko nyuma, iliki ni sherehe. Mungu wangu, nakuandikia upuuzi. Nisamehe.

Malaika


Kasongo, tarehe 29 Julai 2024, Jumatatu

Malaika wangu, ambaye naona bado umekwama Wamaza,

Acha kulia na umwambie Iliasi naye aache. Kaa chini nikueleze yote kwa mpango, maana tangu juzi natafuta mtu wa kumweleza ambaye hakuwepo.

Barua yako nilipewa asubuhi ya Jumamosi, fundi akinifunga vifungo vya mgongoni. Nikaisoma, nikaiweka kifuani, nikaomba maji. Nilifikiri kweli kusema naumwa. Lakini Amuri akapita mlangoni na kanzu yake nyeupe, akanitazama akacheka kwa furaha, na nikaona nikilala kitandani siku hii atakaa na wasiwasi wangu badala ya arusi yake. Nikavaa viatu.

Uani watu walikuwa hawahesabiki. Mashangazi wa Kindu walisimama nyuma ya sufuria, yule mkubwa amekunja mikono, uso hauna huruma. Mbele kabisa, kwenye kiti, amewekwa nani? Mama Chumvi, na miaka yake themanini. Wakaniita. Watu wakanipisha kama nilivyotaka, na nilitamani wasinipishe, nichelewe.

Nikafunua kifuniko. Mvuke ukanipiga usoni. Nilivuta mpaka mbavu zikauma. Joto tu, Malaika. Joto na maji. Maneno yako yote nilikuwa nayo kichwani yamepangwa, na hakuna hata moja lililoinuka. Nikasema nitabahatisha, nitasema tangawizi, nikafungua mdomo. Hapo nikamwona Mama Chumvi. Midomo yake inatikisika, ananiombea dua. Mwanamke tuliyemcheka miaka thelathini na tano, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka, ananiombea nisipate alichopata yeye. Aibu niliyoisikia haikuwa ya pua tena.

Nikakiweka kifuniko chini. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Sinusi kitu. Tangu Januari pua yangu imekufa na nimewaficha wote. Kilichoachwa humu siwezi kukitaja."

Amuri akaanza kusimama, nikamwashiria akae. Nilikuwa nasubiri jina langu jipya, nikijiuliza watalitunga vipi.

Basi aliyesimama ni Sifa. Bibi arusi, mwenye hina mpaka viwiko, anayetakiwa akae ameinamisha kichwa na asiseme neno kabla watu hawajala. Akaja na nguo zake zote zile, akasimama begani pangu, akauinamia mvuke, akavuta mara mbili, akasema, "Iliki, mama. Na chumvi nayo ni kidogo."

Yule shangazi wa Kindu akampigia kelele, akamuuliza yuko upande gani. Sifa akamjibu kwamba ana njaa.

Malaika, uwanja ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana, Mama Chumvi akapiga kigelegele ambacho sikujua kifua kile bado kinacho. Nikachota masala yako, si kijiko, upawa mzima, nikakoroga kwa mkono huu huu niliosema unauma. Wazee walibishana mpaka alasiri kama imehesabika au haikuhesabika. Mmoja anasema lazima mama mwenyewe anuse, mwingine anasema mkwe ni wa nyumba, pua yake ni ya nyumba. Walibishana huku wanakula, kwa hiyo sikuwajali. Yule shangazi mkubwa alikula sahani tatu akaja kuniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, chupa ile inapatikana wapi. Nimemwambia Kabambare, kwa mwanangu Malaika, na apeleke heshima kwanza. Andaa kinu.

Jina wamekwisha kunipa. Wananiita Mama Pua Mbili, na mimi naitika. Sifa asubuhi hii alikuja jikoni kabla ya mumewe kuamka, akaniambia bila kuulizwa kwamba mchele wa gunia la pili unanukia unyevu.

Sasa fanyeni mfike, pikipiki au miguu. Sahani yako niliitenga siku ile ile na nikaifunika, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Watu wote wa nyumba hii wanasema imechacha. Mimi kwangu iko nzuri kabisa.

Shangazi yako,
Nuru